Risasi Nzito Kuliko Zote na Mikono Inayozijaza

Kichwa cha risasi ya .950 JDJ kina uzito wa gramu 233. Kipenyo chake ni milimita 24.1, na kikitoka mtutuni hukimbia mita 670 kwa sekunde. Nguvu yake ni jouli 52,000 hivi, wakati ile SMG wanayobeba askari wetu hutoa kama 2,000 tu. Aliyeibuni ni J.D. Jones, fundi bunduki wa Marekani aliyekuwa na karakana iitwayo SSK Industries, na bunduki zilizoundwa kwa ajili yake ni tatu tu. Nyepesi ina kilo 39 hivi, nzito inapita 50. Hakuna anayeiinua begani akasimama nayo. Hulazwa juu ya meza imara, mtu akaketi nyuma yake, akashusha pumzi, akafyatua.

Kwa ukubwa wa kaliba, katika bunduki za raia za kulengea shabaha, hiyo ndiyo bingwa. Sheria ya Marekani huihesabu bunduki yoyote ambayo kipenyo cha mtutu wake kinazidi nusu inchi kuwa silaha ya maangamizi, isipokuwa ikikubaliwa kwamba ni ya michezo, na hii ilikubaliwa. Lakini kilichonivutia zaidi ni kwamba risasi zake huzikuti katika rafu za duka la kawaida. Ganda lake ni la mzinga wa Vulcan wa milimita 20, ule unaofungwa kwenye ndege za kivita, likakatwa likafupishwa. Fataki, baruti na kichwa vyote vimewekwa na mikono ya mtu aliyeketi mezani na mizani yake.

Huko Marekani, na katika nchi nyingine ambako sheria inaruhusu, wapo watu wengi wanaojaza risasi zao wenyewe kwa ajili ya kutoboa karatasi na kugonga sahani za chuma siku za mapumziko. Kaliba inavyozidi kukua ndivyo kujaza mwenyewe kunavyogeuka kuwa lazima, kwa sababu viwanda ama havitengenezi risasi hizo, ama huziuza kwa bei ya kukatisha tamaa. Nimewakusanya hapa wababe wa mchezo huo: wakubwa, wenye teke baya, waliopiga mbali, waliopiga padogo. Msimamo wangu nautaja mapema. Rekodi za ukubwa ndizo rahisi kuvunja, kwani ni suala la chuma na fedha. Rekodi inayomtoa mtu jasho ni ya kujaza risasi kumi zinazofanana.

Mezani kwa mjazaji

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti tumboni, na kichwa mdomoni. Bunduki ikilia, vitatu vimekwisha, ganda linabaki. Ganda ndilo lenye gharama kubwa kuliko vyote na ndilo linalotumika tena, kwa hiyo mjazaji hatoki uwanjani mpaka ameyaokota maganda yake moja moja.

Nyumbani anayasafisha na kuyakagua chini ya taa kama yana ufa. Moto wa baruti huwa umeyatanua, hivyo anayapitisha kwenye kalibu ya chuma ili yarudie umbo lake. Anatoa fataki iliyokufa, anakandamiza mpya. Kisha inakuja mizani. Baruti hupimwa kwa greni, kipimo cha kizamani ambacho kumi na tano na nusu hivi ndizo hufanya gramu moja, na mizani ya mjazaji makini husoma sehemu ya kumi ya greni, yaani chini ya miligramu saba. Kiwango chenyewe hakibuniwi: kinatoka katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti, na anayejua kazi huanzia chini ya kiwango cha juu kilichoandikwa.

Maganda yaliyokwisha kutiwa baruti hupangwa kwenye kibao chenye matundu. Kabla ya kuweka kichwa hata kimoja, mjazaji huwasha tochi na kuchungulia ndani ya kila ganda, safu kwa safu, kuona kama kimo cha baruti ni kimoja. Ganda lililotiwa mara mbili linaweza kuvunja bunduki. Ganda lililosahaulika bila baruti linaweza kukwamisha kichwa katikati ya mtutu, na risasi inayofuata ikakikuta pale. Mezani huwa pana kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja. Mengine yote yako kabatini.

Chombo duni kuliko vyote katika kazi hii ndicho ninachokiheshimu zaidi. Mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin alianza kuuza Lee Loader, seti ndogo ya vipande vya chuma inayoingia mfukoni. Haina mashine wala wenzo. Mtu anagonga kwa nyundo ya mbao. Inafanya kazi polepole, na ndiyo iliyoufungulia mchezo huu watu wa kipato cha chini waliokuwa wakiutazama kwa mbali.

Teke la mababu

Wapenzi wa leo wa kaliba kubwa hujiona wamefika mbali. Wangemsikiliza Samuel Baker. Mwingereza huyu, akiwa na mkewe Florence, alifika mwaka 1864 kwenye ziwa la magharibi mwa Uganda ambalo alilipa jina la Albert. Katika mizigo yake ya safari ile palikuwa na bunduki iliyoundwa na Holland wa London, ambayo aliiita Baby na wafuasi wake wakaiita mtoto wa mzinga. Ilirusha kombora dogo la nusu ratili, yaani gramu 227 hivi.

Linganisha namba hizo na zile za mwanzo. Karibu miaka 130 kabla ya J.D. Jones, palikuwa na mtu katika nchi za Nile anayerusha uzito uleule, kwa mwendo mdogo zaidi, kutoka kwenye bunduki ya kilo tisa tu aliyoishika kwa mikono miwili. Baker mwenyewe aliandika kwamba aliiogopa, na kwamba kila alipoifyatua ilimzungusha mwili mzima. Aliitumia kwa nadra sana. Kwa teke la begani naona hajatokea wa kumpokonya taji.

Wa pili ni Frederick Selous. Alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870 akiwa na gobore mbili za kaliba iitwayo bore nne, maana yake gololi nne za madini ya risasi hufanya ratili moja. Kila gololi ilikuwa na gramu 113 hivi. Baruti aliibeba katika mfuko wa ngozi kiunoni na kuipima kwa kiganja: anachota, anamimina mtutuni, anashindilia. Hapakuwa na mizani. Baadaye alikiri kwamba bunduki zile zilimharibu neva za ulengaji na akajuta kuzigusa. Selous huyu ndiye aliyeuawa vitani Behobeho, Tanganyika, tarehe 4 Januari 1917, akazikwa hukohuko. Pori la akiba lililopewa jina lake lilimegwa mwaka 2019, na sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mkono ule wa Selous haujatoweka kwetu. Gobore bado zipo katika vijiji vya Tanzania, na mwenye gobore hujaza baruti na kushindilia kama walivyofanya wazee. Tofauti yake na mjazaji wa mezani ni kipimo. Kiganja hakirudii kiasi kilekile mara mbili.

Mashindano ya matajiri

Baruti isiyo na moshi ilipokuja, Waingereza waliunda familia nzima ya risasi za wanyama wakubwa. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, iliyokaa kileleni ni .600 Nitro Express ya kampuni ya W.J. Jeffery: kichwa cha gramu 58, nguvu ya jouli zaidi ya 10,000. Mwaka 1958 Roy Weatherby wa California aliifikia kwa njia nyingine. Risasi yake ya .460 Weatherby Magnum ilikuwa na kichwa cha gramu 32 tu, lakini kikienda mita 790 kwa sekunde, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyotajwa kuwa risasi kali kuliko zote za kuwindia zinazouzwa dukani.

Kisa cha aliyefuata kinanifurahisha. Holland & Holland walikuwa wametengeneza bunduki waliyoitangaza kuwa .600 yao ya mwisho, na mwaka 1975 wakaiuza. Baadaye tajiri wa Marekani, William Feldstein, akataka .600 nyingine. Kampuni ikakataa, kwa sababu ilikwisha toa neno kwa aliyenunua ile ya mwisho. Basi Feldstein, akishirikiana na Jim Bell, fundi wa kutengeneza maganda ya risasi, akabuni kaliba mpya kabisa ambayo haikuwahi kuahidiwa mtu. Ndipo mwaka 1988 ikazaliwa .700 Nitro Express: kichwa cha gramu 65, kipenyo karibu milimita 18, nguvu jouli 12,000. Ahadi ya muungwana ilizaa risasi kubwa kuliko ile iliyokatazwa. Risasi moja ya .700 hutajwa kuwa na bei ya dola 100 hivi, na hapo ndipo hata tajiri anapoanza kuokota maganda.

Miaka michache baadaye A-Square, kampuni ya Marekani, ikaleta .577 Tyrannosaur. Kichwa chake ni chepesi kuliko cha .700, gramu 49 hivi, lakini kinakwenda mita 750 kwa sekunde na kubeba zaidi ya jouli 13,500. Sifa yake mbaya imetokana na picha za video: watu wazima wanaifyatua wakiwa wamesimama, inawarusha nyuma, wengine bunduki inawaponyoka. Watazamaji hucheka. Mimi naona ni utovu wa adabu kumkabidhi bunduki ya namna hiyo mtu ambaye hakufundishwa kusimama nayo, kwa sababu mtutu unaoruka haujali umeelekea wapi.

Upande wa pili kabisa wa orodha yuko Kolibri wa Austria, aliyeingia sokoni mwaka 1914: bastola ya milimita 2.7, kichwa cha gramu 0.2. Ungehitaji vichwa vyake zaidi ya 1,000 kuufikia uzito wa kimoja cha .950.

Bwana Karamojo

Kuna rekodi ya kinyume ambayo wapenzi wa kaliba kubwa hawapendi kukumbushwa. Mskoti W.D.M. Bell aliwinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, na jina la Karamojo likamganda. Aliua tembo 1,011, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona ndogo mno. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu 11 hivi, karibu sehemu ya tano ya kile cha .600. Alipasua mafuvu ya tembo na kuyachunguza mpaka akajua ubongo unakaa wapi kutoka kila upande.

Idadi ile siisherehekei. Tembo 1,011 kwa mtu mmoja, kwa ajili ya pembe, ni msiba, na Karamoja haikulipwa chochote kwa hilo. Ninachokitaja ni kwamba alichotumia pale wenzake walipotumia uzito kilikuwa ujuzi wa mahali pa kupiga, na somo hilo linamfaa hata yule anayelenga karatasi.

Alama tatu za Creedmoor

Mashindano makubwa kuliko yote ya bunduki nzito za shabaha, kwa maoni yangu, yalifanyika tarehe 26 Septemba 1874 katika uwanja wa Creedmoor, Long Island, nje kidogo ya jiji la New York. Waairishi walikuwa mabingwa. Mwaka uliotangulia walitwaa ngao ya shabaha iitwayo Elcho huko Wimbledon, Uingereza, wakatuma changamoto Marekani wakitaka kushindana na wenyeji. Marekani hawakuwa na timu ya masafa marefu. Chama chao cha kulenga shabaha kilikuwa na miaka mitatu tu, na uwanja wenyewe ulikuwa umefunguliwa mwaka mmoja kabla.

Kila upande ulileta watu sita. Kila mtu alipiga risasi 15 kwa yadi 800, 15 kwa yadi 900 na 15 kwa yadi 1,000. Waairishi walitumia bunduki za Rigby za kushindilia mdomoni, na hapo ujazaji wa mkono ulikuwa sehemu ya mchezo wenyewe: baruti iliyopimwa tangu nyumbani ilimiminwa kupitia bomba refu hadi chini kabisa ya mtutu, ili chembe zisigande njiani. Wamarekani walikuwa na Sharps na Remington, bunduki za kufungukia nyuma, zinazotumia maganda ya shaba. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba bunduki ya kufungukia nyuma haiwezi kupata usahihi wa ile ya kushindilia.

Kwenye yadi 900, J.K. Milner wa Ireland alilenga, akafyatua, akapiga katikati kabisa, mahali penye alama nne. Shabaha aliyoipiga ilikuwa ya jirani. Akaandikiwa sifuri. Mpaka leo sijui sifuri iliyokuwa ghali kuliko hiyo katika mchezo huu.

Jioni ilipofika Waairishi walikuwa wamemaliza kwa alama 931. Wamarekani walikuwa na 930 na risasi moja mkononi mwa Kanali John Bodine. Muda mfupi kabla ya zamu yake Bodine alikuwa ameshika chupa ya bia ya tangawizi, ikapasuka na kumkata mkono. Damu ilikuwa ikitoka. Akajifunga leso, akalala chini mbele ya maelfu ya watu, akalenga shabaha iliyo mita 914 mbele, akafyatua. Risasi ya aina ile huchukua muda kufika, na umati wote ulingoja kimya. Sahani nyeupe ikainuliwa: alama nne. Marekani 934, Ireland 931.

Milner angeandikiwa zile nne zake, Ireland ingefunga 935. Hesabu ni nyepesi hivyo. Kwangu mimi hiyo ndiyo mechi ya karibu kuliko zote katika masafa marefu, na ndiyo iliyofungua mlango kwa bunduki ya ganda la shaba, ambayo bila hiyo ujazaji wa mezani tunaoujua leo usingekuwepo. Jina la Creedmoor bado liko hai. Mwaka 2007 lilipewa risasi mpya ya milimita 6.5 ambayo sasa imeenea duniani.

Mbali kuliko wote

Rekodi ya umbali imekuwa ikivunjwa kila baada ya miaka michache. Inayotajwa zaidi ni ya Septemba 2022, katika jimbo la Wyoming. Kikundi kiitwacho Nomad Rifleman kiligonga shabaha iliyokuwa yadi 7,774 mbele, sawa na kilomita 7.1, kwa kutumia risasi ya .416 Barrett, ambayo ganda lake linatokana na lile la kaliba .50 ya John Browning. Kichwa kilikaa angani sekunde 24 na nusu. Waligonga katika risasi ya 69.

Idadi hiyo ya 69 huwafanya wengi waibeze. Sikubaliani nao kabisa, ingawa nakubali kwamba bahati ilikuwa na sehemu yake. Kwa umbali ule tofauti ndogo ya kasi kati ya risasi na risasi huzaa mita nyingi za kukosea, na ndiyo maana wapiga masafa hupima kila chembe ya baruti na kuvichagua vichwa kwa uzito. Heshima yangu kubwa zaidi naiweka kwa wanaoshindana Raton, New Mexico, kwenye mashindano ya Mfalme wa Maili Mbili, ambako risasi zinahesabiwa na hakuna nafasi ya kurudia mpaka upate. Huko kaliba zinazotamba ni za .375 na .416, na risasi nyingi zimejazwa nyumbani.

Mojawapo ya rekodi kongwe za umbali ni ya jeshi la Marekani, mwaka 1879, kwenye ufuo wa Sandy Hook, New Jersey. Walijaribu risasi ya .45-70 kwa umbali unaofika yadi 3,500 ili kuona kama kichwa cha madini laini ya risasi bado kina nguvu ya kutoboa mbao. Kilitoboa. Kichwa kiliporomoka kutoka juu karibu wima, kikazama mchangani.

Padogo kuliko pote

Usahihi hupimwa kwa kundi la matundu kwenye karatasi, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine yaliyo mbali zaidi. Mwaka 1973 Mac McMillan alipiga risasi tano kwa yadi 100, na kundi lake likapimwa inchi 0.009, chini ya robo ya milimita. Ukitazama karatasi unaona tundu moja. Rekodi hiyo ilikaa karibu miaka 40, hadi Mike Stinnett alipopiga 0.0077 mwaka 2013 kwa bunduki ya kaliba .30. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele.

Watu wa mchezo huu hujaza risasi palepale uwanjani, kati ya zamu na zamu. Wana maganda machache waliyoyatengeneza kwa mikono, wanayatumia tena na tena wikendi nzima, na wanabadili kiasi cha baruti jua linapopanda. Houston, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikundi kidogo kilipata ghala refu lisilo na upepo, wakawa wanapiga humo usiku ili kujua makosa yapi ni ya upepo na yapi ni ya risasi zao. Natamani ghala la namna hiyo lingekuwepo kila mahali.

Kwa kaliba nzito na masafa marefu, iliyonisimamisha ni ya Joel Pendergraft wa North Carolina. Mwaka 2009, kwa risasi ya .300 Ackley Improved, alipiga risasi kumi mfululizo kwa yadi 1,000 na kundi lote likawa inchi 3.044. Hiyo ni milimita 77, upana wa mdomo wa kikombe cha chai, kutoka karibu kilomita moja. Yeyote mwenye fedha aweza kununua .700. Kundi la Pendergraft haliuzwi popote.

Hatari kuliko zote

Fundi P.O. Ackley, yuleyule ambaye jina lake limo katika risasi ya Pendergraft, alifanya majaribio baada ya Vita Kuu ya Pili ya kupasua bunduki za kijeshi kwa makusudi ili kujua ipi ina kifua. Iliyowashangaza wengi ni Arisaka ya Japani, bunduki iliyokuwa ikidharauliwa. Ilistahimili pale nyingine zilipovunjika.

Lakini hakuna chuma kisichoshindwa. Aprili 2021 kijana mmoja wa Kentucky, anayerekodi video za bunduki, alikuwa akipiga risasi kuukuu za kaliba .50. Moja ilikuwa na mgandamizo mkubwa kupita kiasi. Kifuniko cha nyuma cha bunduki kiling'oka, vipande vya chuma vikamkata mshipa wa shingo. Akauziba kwa kidole gumba mpaka akafikishwa hospitali. Alipona. Wajazaji wazoefu wakisimulia kisa hicho hurudia kanuni moja: usifyatue risasi iliyojazwa na mtu usiyemjua, na usijaze kwa kumbukumbu ya kichwa. Kanuni ya pili inahusu bunduki za kale. Baruti nyeusi na baruti isiyo na moshi hazibadilishani, na kipimo cha ile kikitiwa hii bunduki hugeuka bomu.

Kwa msomaji wa huku nyumbani neno langu ni la wazi. Sheria ya Tanzania ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na ya Kenya, Sura ya 114, hazimruhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali. Kazi hiyo kwetu ni ya viwanda vya serikali, Mzinga huko Morogoro na kiwanda cha Eldoret. Usijaribu haya chumbani kwako. Mwenye kibali cha bunduki anunue risasi kwa muuzaji aliyesajiliwa, na atafute mwalimu.

Kombe naliweka Forsyth

Risasi ya .45-70 ilianza kutumika jeshini Marekani mwaka 1873 na bado inauzwa leo. Hapo zamani iliandamana na wawindaji wa nyati wa Marekani, waliojaza maganda usiku pembeni ya moto na mchana wakamaliza makundi ya wanyama ambayo hayajarudi kwa ukubwa ule. Sasa inaishi maisha ya amani zaidi. Kila Juni, katika mji mdogo wa Forsyth, Montana, mia kadhaa ya watu hukusanyika kwa mashindano yaitwayo Matthew Quigley, kutokana na filamu ya mwaka 1990. Wanaleta bunduki za mtindo wa karne ya 19, za risasi moja moja, bila darubini. Vichwa ni vya risasi laini, na wengi wamevimimina wenyewe kwenye kalibu jikoni au karakanani.

Shabaha ni za chuma, kuanzia yadi 350 hadi 805. Ile ya karibu ina umbo la ndoo, na hupigwa mtu akiwa amesimama wima, bila kuegemea kitu. Ile ya mbali hupigwa kwa kukadiria upepo kwa macho. Mpigaji akifyatua, kichwa cha risasi hupanda na kushuka taratibu, na mlio wa chuma humrudia baada ya sekunde zaidi ya nne. Wanaokuja ni wakulima, walimu, wastaafu, mabinti na baba zao. Jirani akipungukiwa fataki anaazimwa.

Nimetaja kubwa kuliko zote, ghali kuliko zote na ya mbali kuliko zote. Ningepewa nafasi ya kuiona moja tu kwa macho yangu, ningeiacha .950 mezani pake, nikaenda Forsyth.